Fasi "Isiyojulikana": Haijulikani na Nani?

Ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo limeingia katika hotuba zetu na limekaa humo kama mgeni aliyesahau kurudi kwao. Neno lenyewe ni "fasi zisizojulikana". Wakubwa wakikutana kuongea juu ya utalii, mmoja atasimama na kusema: Katanga yetu ina fasi nyingi nzuri zisizojulikana. Watu watapiga makofi. Kisha ataomba barabara, hoteli na wafadhili. Watu watapiga makofi tena, na kila mtu atarudi kwake. Kesho yake zile fasi zitabaki pale pale, na sisi vilevile tutabaki pale pale.

Mimi ni mwalimu wa historia na jiografia katika sekondari, na neno hili ninalikataa. Ubishi siupendi, lakini siwezi kunyamaza mbele ya neno linalotuibia. Fasi haijulikani na nani? Na mvuvi anayetega nyavu zake chini yake? Na mzee aliyeambiwa jina lake na babu yake? Na mama anayepita hapo kila siku na beseni kichwani? Tunaposema "haijulikani", maana yake ni kwamba mtu wa mbali hajaiona. Tumechukua macho ya mtu wa mbali tukayafanya kuwa kipimo, na macho yetu wenyewe tumeyahesabu kuwa si kitu.

Kama lingekuwa kosa la heshima tu, ningelisamehe. Lakini lina hatari. Fasi ikiitwa "isiyojulikana", yule atakayefika wa kwanza na karatasi yenye muhuri ataichukua, kwa sababu haina mwenye kuijua. Ndiyo maana nasema katika kurasa hizi: fasi zetu hazikosi sifa huko ng'ambo. Zinakosa daftari na zinakosa wageni wa kwanza, ambao ni watoto wetu wenyewe. Tusipoanza kwa wenyeji, hata watalii wakija elfu moja hatutakuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Nitachukua mifano ya kwetu tu, katika Katanga ya zamani, ile iliyogawanywa mwaka 2015 kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

1. Makaburi ya Sanga

Muulize mwanafunzi yeyote wa Lubumbashi juu ya makaburi ya kale. Atakujibu haraka: piramidi za Misri. Farao anamjua, anajua hata namna maiti yake ilivyopakwa dawa. Muulize sasa juu ya Sanga. Atatazama juu ya dari.

Sanga iko kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, fasi ambapo Lualaba inatawanyika kuwa maziwa na majani marefu. Mwaka 1957 na 1958 wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua makaburi pale, na wengine wakarudi miaka ya 1970. Makaburi yaliyofunguliwa ni zaidi ya mia moja. Ndani yake walikuta vyungu vya umbo zuri sana, bangili za shaba, vifaa vya chuma, mapambo ya pembe za tembo, na hata kauri, zile simbi ndogo zinazotoka katika Bahari ya Hindi. Wakapima umri wa vitu hivyo. Wakaona kwamba watu waliishi katika bonde lile bila kukatika tangu karibu karne ya 7, na kwamba kufika karne ya 10 hadi ya 13 walikuwa na mafundi wa chuma, wa shaba na wa udongo ambao kazi yao ilikuwa ya kushangaza.

Ebu tufikiri kidogo. Kisale haina shaba. Shaba inatoka mbali, upande wa kusini, katika ardhi hii tunayoichimba leo. Kauri inatoka mbali zaidi, pwani. Maana yake, miaka elfu moja iliyopita, wavuvi wa Kisale walikuwa tayari wanafanya biashara na watu wa mbali. Walikuwa na wakubwa wao, waliozikwa na mashoka ya heshima. Walikuwa na huzuni kama yetu: katika makaburi ya watoto waliweka vyungu vidogo, kipimo cha mtoto. Na katika makaburi ya nyakati zilizofuata wakaweka misalaba midogo ya shaba, ambayo kadiri karne zilivyoendelea ilikuwa midogo zaidi na yenye kipimo kimoja. Ndipo wenye elimu wakasema: hii ilikuwa feza. Kumbe babu zetu walikuwa na feza yao mbele ya franka, mbele ya zaire, mbele ya dola.

Huo ndio mzizi wa ufalme wa Baluba ambao jina lake tunalitaja kwa majivuno siku za sherehe. Nani kati yetu amempeleka mtoto wake kuuona? Congo yetu ina fasi tano katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Virunga tangu 1979, Garamba na Kahuzi-Biega tangu 1980, Salonga tangu 1984, na Okapi tangu 1996. Zote tano ni misitu, milima na wanyama. Hakuna hata moja ambayo ni kazi ya mkono wa watu. Inchi ya Baluba, ya Balunda, ya Bakuba, ya Bakongo, na katika orodha ile gorila anajulikana, okapi anajulikana, mtu hajulikani! Najua, mwaka 2021 rumba iliingia katika orodha nyingine, ile ya mila na desturi, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto. Tulifurahi wote. Lakini rumba inatembea yenyewe, iko ndani ya redio. Sanga haiwezi kutembea. Bonde la Upemba liliandikwa katika orodha ya kungojea mwaka 1999, na mpaka leo linangojea. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule, leo ni mtu mzima mwenye watoto.

Gorila hana kosa. Kosa ni letu. Hatuwezi kuiambia dunia "njooni mwone" kitu ambacho sisi hatukukiona wala hatukifundishi.

2. Maji yanayoanguka

Kila mwaka nawauliza wanafunzi wa mwaka wa tano wanitajie maporomoko ya maji. Wanaanza na Niagara. Kisha Victoria, pale Zambia na Zimbabwe. Wenye bidii wataongeza Inga. Nikiwatajia Lofoi, darasa linanyamaza. Siku moja kijana mmoja, mwenye akili kabisa, akaniuliza: "Mwalimu, ile iko mu Zambia?"

Hapana, mwanangu, haiko mu Zambia. Lofoi iko hapa kwetu, katika uwanda wa juu wa Kundelungu, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1970. Maji yake yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Victoria, ambayo dunia nzima inaikimbilia, ina karibu mita 108. Nitasema ukweli wote: Victoria ni pana sana, zaidi ya kilometa moja na nusu, na mto wake ni Zambezi mzima. Lofoi ni mto mwembamba, na wakati wa kiangazi unabaki kama uzi mweupe juu ya jiwe. Lakini kwa urefu wa kuanguka, ni wachache katika Afrika nzima wanaoweza kusimama karibu naye. Na mwanafunzi wa Lubumbashi anafikiri uko kwa jirani!

Shuka sasa mpaka Lufira. Mto huu una maporomoko mawili ambayo hadithi yake nataka kila mwalimu aijue. Ya kwanza ni Kiubo, kwenye njia ya kwenda Mitwaba: maji yanamwagika mapana, na ukungu wake unaonekana mbele ya kufika. Hayo bado yapo.

Ya pili ni Mwadingusha. Wazungu walipofika waliyapa jina la Cornet, yule mjuzi wa mawe Jules Cornet aliyepita huku mwaka 1892 na kuandika habari za shaba yetu. Jina la wenyeji likasukumwa pembeni. Kisha, kufika 1930, mto ukafungwa kwa ukuta, maji yakaingizwa katika mashini za umeme juu ya kuyeyusha shaba, na nyuma ya ukuta likazaliwa ziwa Tshangalele. Mimi sisemi umeme ni mbaya. Shule yangu inauhitaji, hospitali inauhitaji. Nasema hivi: angalia utaratibu ulivyokwenda. Kwanza waliyapa jina jingine. Kisha wakayachukua. Mji mmoja, wakati mmoja, mtu mmoja, hakuna aliyeuliza wenyeji waliyaitaje maji yale na yalikuwa na maana gani kwao. Kwa karatasi, fasi ile ilikuwa "isiyojulikana" mpaka siku muzungu alipoiona.

Na msidhani utaratibu ule ulikufa na ukoloni. Kuna Shinkolobwe, karibu na Likasi. Uranium iliyotumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa pale. Jiwe lile liligeuza historia ya dunia, lakini jina la fasi lilifichwa kwa makusudi. Wapashe wanafunzi habari ile, uone macho yao. Hiyo nayo ni fasi "isiyojulikana". Haikujulikana kwa sababu kuna waliofaidika na kutojulikana kwake.

3. Mnyama aliyezaliwa mwaka 2005

Turudi Upemba kidogo. Hifadhi ya taifa ya Upemba ni ya zamani: iliundwa mwaka 1939. Ndani yake mna punda milia wa mwisho wa inchi yetu. Katika matope ya bonde lile kuna mnyama wa jamii ya swala, anayependa maji na majani marefu. Mwaka 2005 wenye elimu walimtangaza kuwa aina yake mwenyewe, mbali na ndugu zake wa Zambia, wakampa jina la Kilatini. Walimjuaje? Kwa kupima mafuvu na pembe zilizokuwa zimewekwa miaka mingi katika makumbusho ya Ulaya.

Sasa nauliza: mbele ya 2005, mnyama yule alikuwa hajulikani? Wavuvi wa Upemba walikuwa wanamwona, wanamwinda, wanamla. Watoto wao walijua nyayo zake. Kwa kitabu alizaliwa 2005, na mara tu alipozaliwa tukaambiwa kwamba yuko karibu kwisha. Waliomtafuta kwa ndege miaka hii ya karibuni wanasema huenda hawafiki mia moja. Ndiyo hasara ya ujuzi usioandikwa: wenye kumjua hawakuulizwa, na wenye kuuliza walichelewa.

Kuna walinzi wa hifadhi ambao wameuawa kazini pale Upemba wakilinda wanyama hawa mbele ya watu wenye bunduki. Hao ni wana wa inchi yetu. Ni shule ngapi zinafundisha habari yao? Hata watu wema wanaosaidia ICCN kulinda Upemba na Kundelungu wamejiita kwa jina lenye maana ya hifadhi zilizosahauliwa. Kazi yao siilaumu, naishukuru. Lakini jina lile linapaswa kutuchoma. Zimesahauliwa na nani, kama si na sisi?

4. Bunkeya na hadithi mbili

Watu watasema: mwalimu, huko Upemba ni mbali. Sawa. Tuende Bunkeya basi.

Bunkeya ilikuwa muji mkuu wa Msiri, mfalme wa Garenganze. Baba zake na watu wake walitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe. Kutoka Bunkeya njia za misafara zilikwenda mashariki mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, na magharibi mpaka Benguela, pwani ya Angola. Hii Kiswahili ninayoiandika hapa ilipita kwa sehemu katika njia zile. Mmisionari Arnot alifika kwa Msiri mwaka 1886. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II, kwa kuwa alikataa kupandisha bendera yao. Kichwa chake kilikatwa. Habari za kichwa kile mpaka leo zinaongewa Bunkeya, na Bayeke wanaikumbuka siku ile.

Fasi kama hii, kwa inchi nyingine, ingekuwa na wanafunzi kila juma. Kwetu iko kama mugini mwingine wowote kando ya njia.

Kuna sababu ambayo watu hawaitaji waziwazi, nami nitaitaja. Hadithi ya Bunkeya ni mbili. Bayeke watakuambia juu ya mfalme aliyekataa kuuza inchi yake. Basanga na wengine watakuambia juu ya mgeni aliyekuja kuwatawala, akatoza kodi kali na kuuza watu utumwani, mpaka wakamwasi katika mwaka ule ule wa 1891. Basi viongozi wetu wanaogopa: tukiweka kibao, tuandike nini? Na juu ya woga ule hawaandiki kitu.

Mimi naona andikeni zote mbili! Mwanafunzi wa sekondari si mtoto wa kunyonya. Anaweza kusikia kwamba mtu mmoja alikuwa mkali kwa jirani na jasiri mbele ya muzungu. Urithi hauna sifa peke yake, una uchungu pia. Tukiogopa kusimulia hadithi mbili, tutabaki bila hata moja, na mwingine atakuja kutusimulia ya tatu.

5. Wenye kupinga

Najua majibu nitakayopewa. Nitayajibu moja moja.

Wa kwanza atasema: hakuna barabara, hakuna usalama. Ni kweli. Njia ya Mitwaba tunaijua, na mambo yaliyopita huko tunayajua. Kuna fasi ambazo hata leo siwezi kumpeleka mtoto wa mtu. Lakini je, hakuna fasi iliyo kilometa tano kutoka shule yako? Hakuna kilima chenye jina? Hakuna tanuru la zamani la kuyeyusha shaba? Mize ya Lubumbashi iko katikati ya muji, barabara ni ya lami, na ndani yake mna vitu vya kale vya inchi hii. Kuna wanafunzi wanaomaliza miaka sita ya sekondari Lubumbashi bila kuvuka mlango wake. Hapo barabara ina kosa gani?

Wa pili ni mhubiri. Atasema: mambo ya kale ni ya shetani, vyungu vya makaburi ni vya uchawi, choma moto. Ndugu mhubiri, Biblia yako imejaa makaburi ya mababu. Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa feza ili kumzika Sara, na kitabu kimeandika bei yake na jina la aliyemuuzia. Hao walikuwa na daftari! Kama Mungu hakuona haya kuandika kaburi la Sara, kwa nini sisi tuone haya juu ya kaburi la mtoto wa Kisale na kichungu chake?

Wa tatu ni mzee wa mila, na huyu namsikiliza zaidi. Atasema: kuna fasi ambazo si za kutembelea. Kuna maziwa na vilima ambamo roho za wafalme wa Baluba zinakaa; mtu haingii tu na aparey ya foto. Mzee, una haki. Wala mimi siombi kila fasi ifunguliwe. Naomba ijulikane ipi ni ya kufungua na ipi ni ya kufunga, na wewe ndiwe mwenye kuijua. Usipoisema ungali hai, atakayekuja na mashini hatajua kwamba hapo ni pa heshima. Siri inayokufa na mwenye siri haikumlinda mtu.

Wa nne ni mtu wa feza. Atasema: mwalimu, shaba na kobalti ndizo zinazolisha inchi, maporomoko hayaliwi. Sipingani na chimbo. Wazazi wa wanafunzi wangu wengi wanafanya kazi kule. Lakini shaba ukiitoa mara moja imekwisha, na kinachobaki ni shimo. Lofoi ilianguka jana, inaanguka leo, na ukiiacha itaanguka kesho bila kukuomba mshahara. Mwenye busara hauzi mbuzi anayezaa ili anunue nyama ya siku moja.

Wa tano ndiye mbaya kuliko wote, kwa kuwa anaishi ndani ya kila mmoja wetu. Anasema: hiyo ni kazi ya Leta. Leta itafanya. Ndugu yangu, Leta ilishatoa sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971. Code Minier ya mwaka 2002 nayo inamwamuru mwenye kibali cha kuchimba kwamba akikuta alama za kale asizihamishe, awajulishe wenye mamlaka. Sheria zipo. Lakini sheria inalinda kitu chenye jina, na mwenye mashini hawezi kujulisha kitu ambacho hakukitambua. Nani atamwambia kwamba yale mawe yaliyopangwa ni tanuru na si takataka? Katika muji wa Kinshasa hakuna anayejua. Sisi wa hapa ndio tunaojua, na sisi tumenyamaza.

6. Daftari

Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na msinijibu kwamba daftari ni jambo la wazungu. Baluba walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na simbi na alama zilizochongwa. Mtu wa chama cha Mbudye alipitisha kidole juu yake, na kidole kikasoma: mfalme huyu, safari hii, ziwa lile, kilima kile. Ule ubao ulikuwa daftari la wafalme na la fasi zao, miaka mingi mbele ya shule ya kwanza ya misioni. Leo ukitaka kuona lukasa nzuri, unaweza kwenda Brooklyn, Marekani, katika makumbusho. Daftari letu liko Brooklyn, nasi hapa tunasema fasi zetu hazijulikani!

Basi naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalongojea mfadhili.

Kwanza, kila shule ya sekondari iwe na daftari la fasi. Daftari la kawaida, la kununua sokoni. Wanafunzi wawaulize wazee wa mitaa na wa migini: kilima hiki kinaitwaje, mto huu una hadithi gani, nani alizikwa wapi, ni fasi ya kuingia au ya kuheshimu kwa mbali. Waandike jina kama mwenyeji analivyolitamka, siyo kama karta ya zamani ilivyoliharibu. Waandike na jina la mzee aliyesema, kama yeye mwenyewe anakubali.

Pili, kila mwanafunzi, mbele ya Egzamen ya Leta, awe amefika walau katika fasi moja ya urithi kwa miguu yake. Anayeweza Bunkeya, aende Bunkeya. Asiyeweza, aende kilima cha nyuma ya shule. Mwalimu wa historia amngoje pale na somo lake.

Tatu, nakala ya daftari lile iwekwe kwa chifu, nyingine kwa teritwari, nyingine kwa chama chetu hiki cha utamaduni. Siku mtu atakapokuja na karatasi ya kuchimba, tumwambie: karibu, bwana, lakini soma kwanza hapa. Hatutashinda kila mara. Lakini hatatuambia tena kwamba alikuta fasi tupu.

Nne, mgeni akija, na atakuja, aongozwe na mwenyeji, na feza anayoacha ibaki kwa sehemu katika mugini ule, iwe bomba la maji au mabati ya shule. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Mtalii wa kweli, msomaji, hatafuti hoteli tu. Hoteli kwake ziko nyingi na ni nzuri kuliko zetu. Anatafuta mtu atakayemwambia: jiwe hili ni hivi, jina lake ni hili, babu yangu aliniambia. Mtu huyo hatuwezi kumwagiza kutoka ng'ambo. Ameketi katika darasa letu, mwaka wa tano, dawati la nyuma, na anafikiri Lofoi iko mu Zambia. Tumwanzie yeye. Muhula unaokuja, kabla ya mvua kuziba njia, walimu wenzangu, nunueni daftari.